Mgongo wa Mama Mkwe

Chumba chetu kina kuta nne na hakuna hata mmoja wa kuegemea. Bomba la jirani linavuja ndani kwa ndani, rangi inabanduka, na ukikaa dakika tano umeegemea, blauzi imeloa. Mume wangu ni fundi rangi. Anapaka nyumba za watu mpaka zinang'aa, kisha anarudi kulala kwenye ukungu. Kinyozi hajinyoi, nilikuwa namtania, naye ananijibu, "Kesho, mama watoto, kesho." Siku hizi simtanii.

Mimi napiga pasi kwa dobi. Ni mashuka ya nyumba za wageni, nimesimama tangu saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Nikifika nyumbani bega la kulia limekufa ganzi, na hapo ndipo Bosi anapotaka haki yake.

Bosi ni mwanangu. Tulimwita hivyo kwa jinsi anavyotoa amri. Wakati huo alikuwa na miezi kumi na moja, mrefu, miguu yake inapita paja langu na kuning'inia, na kila mlango ukilia anageuka kutazama huku ziwa langu bado liko mdomoni mwake. Alikuwa ametoka kuugua mapafu. Uji anatema, maziwa ya kopo anatema. Nesi wa kliniki alimpima, akaitazama kadi, akavua miwani.

"Mama, kinachomshikilia huyu ni ziwa lako. Miezi miwili mingine, usimwachishe. Ukimwachisha sasa, tutakutana wodini."

Miezi miwili ni rahisi kuitamka. Mimi nilikuwa nanyonyesha nimejikunja juu yake, shingo imekaza hata siwezi kugeuka kutazama magari nikivuka barabara. Siku moja maumivu yalinishinda. Nilimchomoa ziwani akiwa bado ana njaa, nikamweka chini, na sote wawili tukalia.

Mama mkwe alitukuta hivyo. Alikuwa amekuja kutusalimia, wiki mbili tu, na mkoba wake ulikuwa bado begani.

"Nani kakufundisha kunyonyesha hivyo?" akaniuliza. "Unalipeleka ziwa kwa mtoto! Mtoto ndiye anayekuja kwenye ziwa. Kaa wima."

Alinikalisha kwenye kigoda. Akapindua beseni la kufulia, akaniwekea chini ya miguu ili magoti yapande. Taulo akaliviringisha, akalipachika chini ya kiwiko changu.

"Na huyu si kichanga tena wa kulazwa. Mpandishe pajani, mguu huku na mguu huku, akutazame."

"Na mgongo, mama? Niuegemeze wapi?"

Alizikagua kuta, moja baada ya nyingine, akacheka. "Na baba yake mumeo naye alikuwa fundi rangi," akasema. Kisha akavuta kigoda cha pili, akakiweka nyuma yangu, akakaa akinipa kisogo, mgongo wake ukagusana na wangu. "Hapa. Egemea. Egemea sawasawa, nyumba haianguki."

Nikaegemea. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilihisi bega langu linashuka.

Wiki mbili zikawa saba. Kila alasiri nikirudi na Bosi kutoka kwa mlezi, vigoda viko katikati ya chumba vinanisubiri. Nilikuwa namletea kutoka kwa dobi mashati yaliyong'oka vifungo, naye anashona huku mimi nanyonyesha, yeye anatazama dirisha, mimi natazama mlango. Tuliongea mambo ambayo mkwe na mkwe hawaambiani wakitazamana. Nilimwambia siku ya harusi nilimwogopa. Akaniambia siku hiyo aliwaambia dada zake kwamba nimekonda mno, sitazaa. Tulicheka mpaka Bosi akakasirika.

Tukinyamaza, alikuwa ana wimbo wake. Haukuwa na maneno. Alikuwa anauvuta kupitia puani, unapanda kidogo, unakatika, unashuka. Ulikuwa unaanza kila nilipoegemea. Bosi akauzoea hata ikawa akiusikia tu anaachama mdomo. Mimi nikasema moyoni, huyu bibi anamwimbia mjukuu wake, na nikampenda kwa ajili hiyo.

Jirani alichungulia siku moja akasema, "Jitu zima hilo bado linanyonya?"

"Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake," mama mkwe akamjibu, wala hakugeuka.

Kliniki ya mwezi wa kwanza, Bosi alikuwa ameongeza kilo moja kasoro kidogo. Nilirudi nikicheza toka mlangoni. Mama mkwe alicheka naye, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nilimtupia Bosi ambebe, akarudi nyuma. Hakuwahi kumbeba, hata siku moja. Na mimi, mwenye akili zangu, usiku ule nikamwambia mume wangu, "Mama yako anaringa. Mjukuu wake mwenyewe hambebi."

Niliyasema kwa mdomo wangu huu.

Wiki ya saba, Alhamisi, Bosi alishiba akalala. Nikainuka ghafla kama kawaida yangu. Nyuma yangu nikasikia kopo la vifungo linaanguka. Mama mkwe alikuwa bado amekaa, amekishika kigoda kwa pembeni, jasho linamtiririka.

"Mwanangu," akasema taratibu, "miguu siisikii."

Hospitalini daktari aliiinua picha kwenye mwanga, akatuonyesha kwa kalamu. Pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa zimetafunwa na uvimbe, zimebaki maganda. Hatatembea tena, akasema, na tusihesabu miezi mingi.

"Maumivu haya si ya jana wala juzi. Mama huyu, kukaa wima tu ilikuwa adhabu. Mnaishi naye chumba kimoja, hamkuuona uso wake?"

Mume wangu akanitazama. Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa jibu la kunihukumu. Wiki saba nilikuwa nimempa mgongo.

Nilimwendea kitandani, Bosi nimemfunga mgongoni. Alikuwa amelazwa chali, mdogo kuliko nilivyomjua.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeegemea wapi?"

Nilitaka anitukane. Nilitaka anikumbushe kila siku niliyojitupa juu yake kwa uzito wangu wote na wa mtoto, nikijinyoosha kwa raha. Yeye akauliza kama Bosi amenyonya.

Kabla sijajibu, manesi wawili walikuja kumgeuza. Mmoja akamshika mabega, mwingine nyonga, wakahesabu mpaka tatu.

Ndipo nikausikia. Ulitoka puani kwake, hauna maneno, ukapanda kidogo, ukakatika, ukashuka. Ni ule ule. Haukuwa wimbo. Haukuwahi kuwa wimbo hata siku moja.

Mgongoni kwangu Bosi akacheka. Akaanza kunipiga bega kwa viganja, anaruka ndani ya kitambaa, na nilipogeuza shingo nikamwona ameachama mdomo, anasubiri.

"Mpe," mama mkwe akasema, amefumba macho. "Zimebaki siku chache tu, miezi yake miwili itimie. Mpe."

Nikamfungua, nikamleta kifuani, nikampa nikiwa nimesimama pale pale kando ya kitanda. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta wa wodi, mweupe, mkavu, hauna hata doa. Sikuuegemea.