Hewa Iliyolala

Kiwandani walimwita Kipimo. Kazi yake ilikuwa mlingoti wa chuma nyuma ya kiwanda cha mbolea, wenye vipimajoto viwili, kimoja kileleni na kingine chini, usawa wa goti. Kila asubuhi alivisoma, akajaza fomu kwa neno "fungua" au "ngoja", akatia sahihi, akaipeleka ofisini kwa meneja, akarudi zake mjini. Baada ya hapo ndipo gesi chafu iliyojaa tangini usiku kucha ilipofunguliwa.

"Hivi unampima nani homa huko?" dada yake alipenda kumtania.

"Hewa, dada. Kuna saa inaamka, kuna saa imelala."

Na alijua anachosema. Jua likishachoma ardhi, hewa ya chini hupanda, ya juu hushuka, zikajikoroga, na gesi ikapotea humo kama sukari kwenye chai. Lakini asubuhi ya baridi isiyo na upepo, hewa nzito hulala chini na ile ya joto hukaa juu yake kama kifuniko. Gesi ikitoka wakati huo haina pa kwenda. Hutambaa kufuata mteremko, na mteremko wa pale uliishia bondeni, alikoishi dada.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Kipimo akiwa darasa la pili, dada aliacha shule akashika cherehani, akamsomesha hadi chuo. Alikuwa na pumu ya tangu utotoni, na kila msimu wa baridi kikohozi kilimzidi. Wote walisema ni pumu yake tu.

Msimu huo wa baridi ulipoanza, kipimajoto cha chini kiliharibika. Kipimo aliomba kingine, akaambiwa asubiri. Siku ya kwanza aliacha nafasi ile wazi, meneja akamrudishia fomu.

"Haijakamilika, bwana. Kazi imesimama kwa ajili yako."

Siku ya pili akakisia. Aliandika kuwa chini kuna joto kuliko juu, yaani hewa imeamka. Siku ya tatu alisita kidogo, ya nne hakusita. Wiki tatu zikaenda hivyo.

Jumatano moja ukungu ulitanda bondeni hata mabati ya nyumba yasionekane. Jani halikutikisika. Kipimo alisimama chini ya mlingoti, baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo, na hakuhitaji chombo chochote kumwambia. Aliandika namba zake zilezile, akatia sahihi.

Saa tatu kasoro jirani wa dada yake, mama mmoja mshonaji mwenzake, alimpigia simu.

Wodini aliwakuta watu kumi na mmoja wa mtaa ule, macho mekundu, wakikohoa. Dada alikuwa amevalishwa barakoa ya oksijeni. Aliisogeza kidogo.

"Kifua kilinibana," alisema. "Nikafungua dirisha nipate hewa."

Kipimo akashindwa kuvumilia. Alimweleza yote, kipimajoto, fomu, ukungu. Dada alisikiliza amefumba macho.

"Ulijua?"

"Nilijua, dada."

Aligeukia ukutani. Hakumsemesha tena, siku ile wala ya pili yake. Ijumaa mchana akakata roho.

Baada ya mazishi Kipimo alienda kwa meneja, akaweka nakala za fomu za wiki tatu mezani.

"Namba hizi nilizitunga. Nishtakini."

"Pole na msiba, bwana. Keti."

"Ulizisoma?"

"Mimi?" Meneja alimtazama kama aliyeulizwa kwa lugha ngeni. "Mimi huangalia sahihi ipo. Tanki likijaa, saa mbili tunafungua. Miaka yote."

Alivuta droo kumwonyesha. Fomu za msimu wa baridi uliopita zilikuwa humo, zile alizoandika kwa haki, kila moja ameiandika "ngoja" kwa wino mweusi. Pembeni, kwa mkono wa meneja: imefunguliwa saa mbili. Kipimo alizifunua moja baada ya nyingine hadi vidole vikakataa. Alikuja kuomba adhabu, na hata hiyo hapakuwa na wa kumpa.

Wiki iliyofuata kipimajoto kipya kikaletwa. Alikifunga, maana hakuwa na kazi nyingine anayoijua. Asubuhi ya kwanza vipimajoto vikasoma chini baridi, juu joto. Aliandika "ngoja", akapeleka fomu, kisha akateremka bondeni mbio, akipita mlango hadi mlango.

"Fungeni madirisha. Msitoke nje."

Watu walimfungia milango. Habari za namba alizotunga zilikwisha kufika huko kabla yake. Yule mshonaji alimwangalia kupitia kioo, akavuta pazia.

Saa mbili kamili, kutoka juu kule kiwandani, aliisikia gesi ikianza kufoka.