Katekista Aliyelewa kwa Kufunga

Pale Kalenga hakuna aliyeulaani ulanzi, pombe ya mianzi, kama katekista Bartholomeo. Kwa hiyo Jumapili moja ya Kwaresima, mwaka 1955, alipoyumba mbele ya altare na kuanzisha wimbo wa Noeli, kanisa zima lilijua alichokunywa.

"Nimemnusa, Padri," alisema Tadeo, mzee wa kanisa. "Hanuki kitu. Huyu ni fundi."

Padri akaamua: akiyumba tena, ufunguo wa kanisa atapewa Tadeo.

Bartholomeo alikuwa na mambo mawili ya kujivunia, ufunguo huo na kufunga kwake. Akaamua kuulinda ufunguo kwa kufunga zaidi. Kadiri alivyofunga, ndivyo alivyolewa. Mkewe Evarista alipomnywesha chai ya sukari, akili zilimrudia, naye akaanza tena kuwakemea majirani waliokula.

"Baba Lusia, ulevi gani huu unaotibiwa na chai?" Evarista aliuliza. "Twende Mbeya kwa daktari."

Huko Mbeya, daktari alimtaka alale wodini bila kula, achunguzwe. Bartholomeo alifurahi: hatimaye amempata msomi anayethamini kipaji chake. "Hata wiki nzima, Daktari!" Kesho yake, kabla ya adhuhuri, alikuwa akiubatiza mguu wa kitanda. Wakampima damu, wakakuta sukari karibu imekwisha, wakamtia maji ya sukari mshipani. Alipozinduka, mgonjwa wa jirani alikuwa angali akiitikia, "Amina."

"Ndani ya kongosho," daktari alieleza, "mna chembe za pekee, zenye undugu na neva. Hutuma amri kwenye damu, sukari ipungue, lakini baada ya chakula tu. Zako nadhani zimeota uvimbe, pengine mdogo kama harage, nao unaamuru tu, uwe umeshiba au una njaa."

Bartholomeo alitafakari. "Kitu kidogo, hakimsikilizi mtu, na kinaulazimisha mwili mzima ufunge?"

"Ndiyo."

"Daktari, hicho ni katekista."

Uvimbe ungetolewa Dar es Salaam baada ya masika. Mpaka hapo, alipigwa marufuku kukaa na njaa. Padri, alipoelezwa na Evarista, alimruhusu chai hata kabla ya komunyo.

Asubuhi ya Pasaka, Bartholomeo aliketi kizingitini pa kanisa na kikombe chake, mbele ya macho ya wote. Bibi Benedicta, ambaye mwaka uliopita Bartholomeo alimrudisha nyumbani kwa kosa la kutafuna hindi moja kabla ya komunyo, alisimama.

"Sukari imekolea, Mwalimu?"

"Bado kidogo, Mama."

Tadeo akainama, akanusa kikombe kwa muda mrefu. "Chai," akasema kwa masikitiko.

Bartholomeo akakimaliza, akatoa ufunguo mfukoni, akauingiza kwenye kitasa. Mlango ukafunguka, naye akaingia bila kuyumba.