Madoa ya Mpole

Mama Mwenye Nyumba alipanda ngazi siku ile bila hata kuhema, nikajua tu kuna jambo. Kwa kawaida akifika mlangoni kwetu hushika fremu, huomba maji, huwasema kidogo wapangaji wa chini, ndipo aingie kwenye mada. Safari hii alisimama kizingitini akauliza, "Mwanangu, ni kweli humu ndani mna joka?"

"Si joka, mama. Ni nyoka wa shemeji."

"Ahaa. Kumbe ana mwenyewe."

Shemeji ni mdogo wake mume wangu, fundi wa friji, mtu mkimya kiasi kwamba ukimpigia simu unadhani mtandao umekatika. Alihamia kwetu na begi moja, akakaa miezi mizima akisema "shikamoo", "asante" na "nimeshiba". Kisha rafiki yake akahama mji, akamwachia nyoka pamoja na sanduku lake la kioo. Basi mtu akapata maneno. Akirudi kazini ananawa, anakaa mbele ya kioo na kumsimulia Mpole, ndiye huyo nyoka, habari za wateja wanaozima friji usiku wakidai wanaipumzisha. Sisi wengine tunakula huku tumetega masikio. Ndivyo tulivyomjua shemeji: kwa kudokoa mazungumzo yake na nyoka.

Na mimi, niseme ukweli, napenda nyumba ijae. Watu wakipungua mezani nahisi kama wote wamehama, nimesahauliwa mimi.

"Ni nyoka gani?" Mama Mwenye Nyumba akauliza.

"Chatu, ila ni ile aina ndogo," shemeji akajibu kutoka chumbani.

"Kila chatu aliwahi kuwa mdogo."

Akatoa hukumu yake: ana mpwa wake, daktari wa wanyama, anaishi mbali. Tumpige nyoka picha safi, kichwa kionekane, jicho lionekane, na yale madoa ya mgongoni yahesabike. Mpwa akisema ni ile aina isiyokua, abaki. Akisema ni ile inayomeza mbuzi, Jumapili jioni asimkute.

"Akiondoka," shemeji akasema, "na mimi naondoka naye."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia binadamu chini ya dari yangu. Nikashika kiuno.

Tukaanza kupiga wenyewe kwa simu. Picha ya kwanza flashi iligonga kioo cha sanduku, tukapata jua kali na fulana ya shemeji. Tukamtoa nje ya sanduku, tukapiga chini ya taa ya sebuleni, naye akatambaa zake katikati ya picha. Mume wangu aliitazama, akaigeuza simu, akaitazama tena.

"Hii ni soksi," akasema.

"Ni Mpole."

"Basi ni soksi mpole."

Nikavuka barabara kumwita Tabasamu, mpiga picha wa pasipoti na harusi. Jina hilo tumempa wenyewe, maana humwambia kila mtu "tabasamu", hata wa pasipoti, kisha huwapigisha upya kwa sababu pasipoti haitaki meno. Alikuja na kamera yake kubwa na lenzi ndefu kama mchi, akakataa kuvuka mlango.

"Lenzi hii inafika, dada," akasema. "Sina haja ya kuwasumbua."

Lakini kazi anaijua. Alituamuru tusogeze meza dirishani, tutandike shuka jeusi, tuzime taa, flashi asiisikie mtu. Majirani walishajaa kwenye ngazi nyuma yake, kila mmoja na ushauri wake. "Inua kidevu kidogo," Tabasamu akamwambia nyoka kwa mazoea, watu wakaangua kicheko, na Mpole kweli akainua kichwa. Tabasamu akapiga. Akanionyesha kwenye kioo kidogo cha kamera: magamba moja moja kama shanga, madoa ya kahawia yamezungushiwa dhahabu. Nilitaka kumkumbatia.

"Ngoja nikazisafishe kidogo kwenye kompyuta," akasema, "kisha namtumia mama mwenyewe."

Hapo ndipo ningemshika shati. Sikumshika.

Jumapili mchana Mama Mwenye Nyumba alipanda tena, simu mkononi, akatusikilizisha sauti ya mpwa wake: "Shangazi, mbona umenitumia picha ya mpira wa kumwagilia bustani?"

Tukaitazama. Mpole alikuwa laini kutoka kichwani hadi mkiani, rangi moja, anang'aa, na macho meupe kama bwana harusi aliyelala vizuri. Hakuna doa hata moja.

Tabasamu alipoitwa hakuelewa kosa lake. "Nimemtoa madoa," akasema. "Wateja wangu wote nawatoa madoa. Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Na zile za mwanzo, kabla hujazisafisha?"

"Nimeshazifuta. Jana nilikuwa na harusi, nikahitaji nafasi kwenye kamera."

"Mmemremba nyoka ili mnifiche," Mama Mwenye Nyumba akasema polepole, akitutazama mmoja mmoja. Tukaapa. Hakuna kilichosaidia. Nyuma yangu nikasikia zipu ya begi: shemeji anakunja mashati. Nami nikaanza kuiona meza yangu ya jioni, kiti kimoja kitupu na sisi wengine tunatazamana, hatuna cha kudokoa.

"Mama," nikasema, "basi piga wewe. Kwa simu yako, kwa mkono wako. Tutume hapa hapa, bila mtu kuigusa."

Akavua viatu.

Shemeji akatandika shuka jeusi sakafuni, pembeni ya mwanga wa dirisha, akamweka Mpole juu yake. Mama Mwenye Nyumba akanyoosha simu kutoka alipokuwa, karibu na kabati, akaanza kuivuta picha kwa vidole.

"Usiivute, itachuja," Tabasamu akasema akiwa mlangoni. "Futa lenzi kwanza, ina mafuta ya mkono. Halafu sogea mwenyewe."

"Nisogee hadi wapi?"

"Ushuke uwe sawa na macho yake."

Akapiga magoti. Akalala kifudifudi, kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta sindano.

"Sasa gusa jicho," Tabasamu akasema.

"Niguse jicho la nyoka?"

"La kwenye simu, mama."

Aligusa. Mpole akatoa ulimi. Shemeji akachuchumaa kando yake, akamwambia taratibu, "Hakuchukii. Anakunusa tu, ndiyo kazi ya huo ulimi. Shika pumzi, akitulia upige." Ngazi nzima, iliyokwisha kujaa majirani tena, ikashika pumzi. Mpole akatulia. Simu ikalia tiki.

Ilitoka picha ambamo ungeweza kuyahesabu magamba ya mdomoni. Ikatumwa. Tukasubiri, kila mtu akijifanya anatazama kwingine, hadi mpwa akapiga.

"Huyu ni ile aina ndogo, shangazi. Na ni mtu mzima tayari, hatakua zaidi ya hapo. Lakini nani huyo mwenye kilemba ndani ya jicho lake?"

Tukaikuza. Kweli, katikati ya jicho kulikuwa na mtu mdogo wa kilemba, amelala sakafuni.

"Ni mimi," akasema Mama Mwenye Nyumba.

"Ulisogea kiasi hicho?"

"Picha haitoki ukiwa mlangoni," akamjibu, na Tabasamu akaanza kukagua kamba ya kamera yake.

Shemeji alimwinua Mpole, akamzungusha mkononi, akamsogezea mama. "Utamshika?"

"Nimesema akae. Sijasema tumezoeana."

Lakini hakushuka ngazi. Alivuta kiti, akauliza huyu mnyama hula nini na hulala saa ngapi, na shemeji, begi lake bado liko wazi kitandani, akaanza kumjibu.