Goti la Chuma

Baridi yabisi ilimwanza Rukaiya vidoleni, ikashuka hadi magotini, mpaka mumewe Mudathiri akawa anambeba kumpeleka chooni. Ndiyo maana madaktari wa jijini walipombadilishia goti la kulia, wakamwekea la chuma, naye akatembea kijijini kwao Maparoni bila maumivu, alijiona amezaliwa upya.

Alionywa asikanyage matope, kwa sababu dawa zake za baridi yabisi zilishusha kinga ya mwili. Lakini mpunga ulikuwa umeiva na ndege walikuwa wanaumaliza. Rukaiya akaingia shambani. Kisiki kikamchana mguu, kidonda kikatunga usaha, goti likavimba.

Alirudishwa hospitali akiungua kwa homa.

"Vijidudu vimeingia kwenye goti, mama," daktari alimwambia. "Tusipolitoa, tutakupoteza."

"Mtaniwekea jingine?"

"Hapana. Kinga yako ni ndogo, nalo litaingiwa na vijidudu. Tutaunganisha mifupa. Mguu utanyooka moja kwa moja, hautakunjika tena."

Rukaiya alimtazama mumewe, kisha daktari. "Basi nirudishieni lile langu la zamani. Liliniuma, lakini lilikuwa likikunjika."

Daktari aliinamisha kichwa. "Lile tulilikata, mama. Halipo."

Mudathiri akamshika bega. "Kubali, mke wangu. Mimi nakutaka uwe hai."

"Haya, litoeni," alisema, akageukia ukutani.

Homa imekwisha na Rukaiya yu hai. Vidole vyake vilivyopinda haviwezi kushika magongo, kwa hiyo anashinda kitandani. Mudathiri akimsemesha, hujibu kwa neno moja, na siku nyingine hajibu kabisa.