Simu ya Fundi

Fundi simu alipokuja kuomba msamaha, alipewa kiti kizuri. Kile chenye mito miwili, ambacho Kimya na mdogo wake hawaruhusiwi hata kuwekea nguo zilizoanuliwa. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemkaribisha, akamsogezea na stuli aweke kikombe. Kimya alisimama kwenye mlango wa jikoni, birika mkononi.

Walimpa jina la Kimya kwa sababu si mtu wa maneno. Mwalimu akimuuliza swali, jibu analo, lakini linamkwama kooni mpaka aulizwe mwingine. Wageni wakija anasalimia, anapokea mizigo, anapotea. Mjomba alikuwa na utani wake kwamba wezi wakibeba nyumba nzima, Kimya atawafungulia mlango wapite vizuri na kabati.

Sebuleni mama alikuwa nyuma ya cherehani yake, kama anajificha. Kazi yake ni hiyo, kushona nguo za watu. Mjomba, kaka yake mama, alikaa katikati, kwa sababu tangu baba afariki hakuna jambo la nyumba ile linalopita bila yeye. Na juu ya meza kulikuwa na simu ndogo nyeusi, ambayo kila mtu alijifanya haioni.

Simu yenyewe fundi alimpa Njiti. Njiti ni mdogo wake Kimya, yuko darasa la sita, mwembamba hivyo hivyo kama jina lake. Siku moja mama alimtuma kibandani kwa fundi kupeleka simu iliyopasuka kioo. Fundi akamsifia akili. Safari ya pili akampa biskuti. Ya tatu akampa simu, akamwambia aifiche, maana mama yake ni mkali na hawezi kuelewa. Kila jioni akawa anamwandikia. Umekula? Nani kakuudhi leo? Wewe si mtoto kama wenzako. Ukisoma hizi futa.

Njiti hakufuta. Hakuna mtu aliyewahi kumwandikia mambo mengi namna ile, akaona hasara kuyatupa. Basi Alhamisi Kimya alipokuwa anatafuta kiraka kwenye gunia la vipande vya vitambaa, akasikia gunia linanguruma. Akaitoa simu, akasoma. Ujumbe wa mwisho ulisema Jumamosi mama akitoka, Njiti aje chumba cha nyuma ya kibanda, na asimwambie mtu.

Akampelekea mama. Mama alilia, akajifuta, kisha akafanya anachofanya siku zote: akampigia kaka yake. Na mjomba akasema polisi hapana, polisi ni kumwanika mtoto, mtaa mzima utamnyooshea kidole. Atamwita huyo kijana, waongee kama watu wazima, yaishe.

Ndiyo hiyo Ijumaa sasa, wanaongea kama watu wazima. Fundi aliongea vizuri, tena kwa upole, mikono katikati ya magoti. Alisema ni mazoea tu yalizidi, kwamba yule mtoto alimwona kama mdogo wake wa tumbo moja.

"Lakini sijamgusa," akasema. "Haki ya Mungu, hata unywele."

Mjomba akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Umesikia, dada? Hajamgusa. Basi hapo tushukuru."

Fundi akanywa chai. Kisha, kwa adabu zote, akaomba arudishiwe simu yake.

Sasa hapo ndipo umjue mama. Mama hakai na kitu cha mtu. Mteja akileta kitambaa, kinachobaki kinarudi kimekunjwa pamoja na gauni, hata kama ni upana wa kiganja. Aliwahi kumrudisha Kimya mvua inanyesha, apeleke kifungo kimoja kwa mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliposema changu, mkono wa mama ulinyooka wenyewe mezani. Aliichukua ile simu, akaifuta na ncha ya kanga, eti isirudi chafu.

"Kimya, mpelekee," akasema.

Kimya akaweka birika chini, akaipokea. Hakwenda popote.

"Mpe mwenyewe simu yake," mjomba akasema.

"Simpi."

Mjomba akageuka mzima mzima, kama vile kabati ndilo limejibu. "Unasemaje?"

"Simpi, mjomba."

Fundi akatabasamu. "Mdogo wangu, hiyo nimeinunua kwa jasho langu."

"Mimi si mdogo wako. Na Njiti huko chumbani si mdogo wako." Akamgeukia mama. "Mama, kesho asubuhi ungekuwa wapi?"

"Sokoni. Kununua vitambaa."

"Yeye alijuaje?"

Mama akamwangalia fundi. Fundi akaangalia kikombe.

"Alimuuliza Njiti," Kimya akasema. "Yamo humu. Mama anatoka siku gani, anarudi saa ngapi, dada naye atakuwepo? Kauliza, kauliza tena. Mazoea gani yanaulizia mama yuko wapi?"

Mjomba akaanza kusema kwamba mtoto wa kike hapayuki mbele ya mgeni, na kwamba kijana kashasema hajamgusa.

"Kwa hiyo tungengoja amguse, ndiyo tumnyime chai?"

Mama akainuka. Akaenda mpaka kwenye kile kiti, akampokonya fundi kikombe mkononi kikiwa bado nusu. "Huyu si mgeni," akamwambia kaka yake. Fundi naye akasimama, akanyoosha mkono kwa Kimya achukue simu. Mama akasimama katikati yao. Mkono wa pili ulikuwa na mkasi wa kukatia nguo. Hakuuinua, ila hakuuweka chini pia. Fundi akakumbuka kwamba ameacha kibanda wazi.

Walikwenda kituoni watatu, mama, Kimya na Njiti. Njia nzima Njiti alikuwa anauliza kama yeye ndiye aliyekosa, kwa sababu alipokea. Kimya akamjibu kila mara hapana, mpaka akahisi anaweza kuuma mtu.

Pale mapokezi askari wa kwanza naye akauliza, kamgusa? Mama aliposema hapana, kalamu ikarudi mezani. Kimya nusura arukie kaunta. Bahati akatokea askari wa kike wa dawati la watoto, akawaingiza chumba cha pembeni, akaisoma simu bila haraka, akaitia kwenye bahasha.

"Kumrubuni mtoto ni kosa lenyewe," akawaambia. "Zawadi, siri, mahali pa kukutana. Sheria haisemi tungoje kingine." Akamgeukia Njiti, akasema polepole, "Mwenye kosa ni mtu mzima. Wewe huna." Kisha akamuuliza mama nani alizuia simu isirudi, maana ingerudi leo, ingekuwa imefutwa kabla jua halijazama.

Mama akamwonyesha Kimya kwa kidevu tu, machozi yanamtoka.

Askari akataka maelezo yake. Kimya akaongea. Aliongea mpaka askari akamwomba apunguze kasi, mkono umechoka kuandika. Alieleza gunia, ujumbe, hata kile kiti. Mwisho akauliza kama kuna sheria pia ya wajomba. Askari akakohoa kuficha kicheko.

Walipotoka, fundi alikuwa analetwa kwenye korido na askari wawili. Alipomwona mama akainamisha kichwa, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama."

Mama, ambaye huitikia hata walevi wa barabarani, akawashika wanawe mikono, akapita.