Mwaka Tuliokataa Kurudisha Saa Nyuma

Loide alikuwa na furaha isiyojificha mwaka ule, na majirani zake wa mtaa wa Katutura walikuwa wameshaichoka. Kila jioni akishuka kwenye teksi, akitoka kufua na kupiga pasi katika nyumba za watu upande wa matajiri, alisimama kidogo, akalitazama jua lililokuwa bado juu ya mabati, akasema, "Mnaliona hilo? Ni langu hilo." Walimwita Meme wa Saa, yaani Mama wa Saa. Serikali ilipouliza wananchi kama tuendelee kurudisha saa nyuma kila Aprili, yeye ndiye aliyepiga simu redioni akaongea mpaka mtangazaji akamkatia.

Na alikuwa na haki ya kuongea, jamani. Miaka yote hiyo Aprili ikifika saa zilirudi nyuma, asubuhi ikapata mwanga wa watoto kwendea shule, na jioni giza likaingia kabla wafanyakazi hawajafika makwao. Kati ya kituo cha teksi na nyumba ya Loide kuna mto mkavu, mchanga na vichaka vitupu, hakuna taa hata ya dawa. Majira ya baridi yaliyotangulia vijana wawili walimvamia humo, wakamnyang'anya mkoba na kumvunja mkono. Mkono ulipona, woga ukabaki. Kwa hiyo siku ilipotangazwa kwamba saa hazirudishwi tena, alilia mbele ya redio, akawapikia majirani kuku mzima.

Kitu kimoja hakutaka kukifikiria. Ule mwanga wa jioni ulitolewa asubuhi, na asubuhi ilikuwa ya bintiye Etuhole, mtoto wa miaka tisa, aliyevuka mto uleule kwenda shule.

Machi ikielekea ukingoni, watoto wakaanza kutoka nyumbani gizani, na safari hii Aprili haingewaletea nafuu. Loide alikuwa anaondoka mapema zaidi, hivyo alimwachia mtoto simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, isiyo na laini, kazi yake kumwamsha tu. Jioni alimuuliza njiani kulikuwaje. Etuhole alijibu kulikuwa salama. Basi, na kwa kuwa hilo ndilo jibu alilolitaka, mama hakuchimba zaidi.

Jumanne baada ya Pasaka Loide alikuwa kazini anaanika mashuka simu yake ilipolia. Mwalimu wa darasa. Alisema kengele imeshapigwa muda, Etuhole hajafika, na si yeye peke yake: hakuna hata mtoto mmoja wa ng'ambo ya mto aliyefika.

Shuka lilimponyoka likaanguka kwenye vumbi. Aliiona ile njia ya mchangani, akaona na ile mikono iliyomkamata mwaka jana, ila safari hii ilikuwa imemshika mtoto. Bibi mwenye nyumba hakuuliza mara mbili, alimwambia nenda. Loide akatoka na aproni yake mwilini, akasimamisha teksi, na njia nzima alikuwa akijilaani. Mimi ndiye niliyetaka, alijiambia. Nimeununua usalama wangu kwa mwanangu.

Alishuka mtoni akikimbia, kiatu kimoja mkononi. Na huko chini, katikati ya mchanga, jua limewaka, akawakuta. Watoto kumi na zaidi, wanatembea polepole, wanatafuna maandazi, wawili wanarushiana kofia. Etuhole alikuwa katikati yao, mzima, soksi zimevutwa mpaka magotini.

Loide alimkumbatia hadi mtoto akalalamika hapumui. Kisha akakaa pale pale kwenye mchanga, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu mjini.

"Meme, kazi imeisha?" Etuhole aliuliza.

"Kazi gani? Unajua saa hizi ni saa ngapi wewe?"

Mtoto akatoa simu mfukoni, akaionyesha bila wasiwasi. Ilisema bado dakika ishirini kengele ipigwe. Loide aliitazama, akatazama na yake, akaelewa. Ile simu kuukuu haikusikiliza redio. Jumapili ya kwanza ya Aprili ilijirudisha nyuma yenyewe kama ilivyozoea, na kwa kuwa ilikuwa Pasaka, watu wako nyumbani mpaka Jumatatu, hakuna aliyegundua. Mtaa mzima watoto walikuwa wanaamshwa na simu kuukuu za wazazi wao. Loide akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na watoto nao wakacheka bila kujua wanacheka nini.

"Tulidhani leo jua limetuonea huruma," Etuhole alisema. Kisha akamvuta mama mkono, akamwonyesha kichakani. "Tena Meme, yule mtu anayekaa pale kila siku, yule tunayemkimbia, kumbe ni kiti cha gari. Kimetupwa tu."

Kicheko kikamkauka Loide. "Mnamkimbia kila siku?"

"Tunashikana mikono tunafumba macho."

"Mbona hukuniambia?"

Etuhole alichora mchanga kwa ncha ya kiatu. "Jioni unakuwa na furaha sana."

Aliinuka, akavaa kiatu chake, akaongozana nao mpaka shuleni.

Langoni mkuu wa shule, Tate, yaani Baba, Nakanyala, alikuwa amesimama mikono kiunoni, amevimba kwa hasira. Nusu ya shule haikuwepo, na mwalimu wa hesabu naye ndiyo kwanza anaingia, anatota jasho. Loide alimpa mkuu ile simu aione, kisha akamweleza habari ya kufumba macho. Tate Nakanyala akasema anamfahamu, si ndiye yule wa redioni? Sasa ameona matunda ya kelele zake?

"Ndiye mimi, Tate," Loide alisema. "Na jioni yangu sirudishi, nimeilipia kwa mkono huu. Lakini saa ya serikali na kengele ya shule ni vitu viwili. Kengele iko mikononi mwako. Isogeze mpaka jua litoke."

Mkuu alianza kwa kusingizia kamati, kisha akasingizia walimu wanaotegemea teksi. Halafu akawatazama wale watoto waliokuwa wanaingia langoni na maandazi yao, hakuna aliyekuwa anahema, hakuna aliyelia. Akakuna kichwa. Akasema kuanzia kesho mpaka baridi iishe kengele ya saa moja itapigwa saa mbili, na kamati itakuja kumkuta ameshaamua. Loide alimshukuru kwa kupiga magoti, hata mzee wa watu akaona haya.

Kesho yake Loide aliamka gizani kama kawaida, akavaa, akanywa chai yake amesimama. Siku zote hizo alikuwa akimtikisa Etuhole kabla ya kutoka, amkumbushe kuamka simu itakapolia. Safari hii alimvutia blanketi mpaka shingoni, akaiacha simu ibaki nyuma vilevile, maana sasa ililingana na kengele, akafunga mlango taratibu asimwamshe, akaenda kazini.