Mududu wa Mu Jino la Mbonigaba

Kwetu Nyabiondo, mu familia ya bwana wangu Mbonigaba, mutoto mwanamuke haachaki nyumba kimya kimya. Siku ya ndoa anasimama ndani ya mulango, na muzee wa nyumba anasimama inje na filimbi. Filimbi ikiisha kulia, njo bibi-arusi anavuka kizingiti. Isipolia, anabaki ndani, hata kama pikipiki za wakwe zimeisha kuwasha moteri. Mutoto wetu Annonciata alitoka hivyo, na mashangazi zake walitoka hivyo. Ule wimbo wa mulangoni, leo anaujua Mbonigaba peke yake. Wengine wanajua kupiga muluzi wa kuita mbwa.

Filimbi yetu ni ya muti, ndefu kama mukono wa mutu muzima. Haishikwi na midomo tu. Unaiegemeza ku meno ya juu ya mbele, njo pumzi inakata vizuri. Ondoa jino moja pale, pumzi inatoroka, na watu wanasikia upepo kama wa mutu anayepoza chai.

Sasa wiki yenyewe ya ndoa ya mujukuu wetu Umugwaneza, ule niliyemulea kwangu tangu anatambaa, Mbonigaba aliamuka asubuhi mudomo wa juu umevimba kama andazi.

"Muzee," nikamuuliza, "nani alikupiga?"

"Cheka tu, Mama Annonciata. Ni jino."

"Lipi?"

Akagusa moja ya mbele, lile lenye doa la rangi ya tumbaku. "Hili hapa. Hata siku moja halijanipendaka."

Mudogo wake Evode alifika mbele ya uji kuiva. Evode ni mutu mwema, na kilima chote kinamujua kwa kufukiza meno. Sisi tunasema jino likiuma, mududu iko ndani anakula. Evode anakausha mbegu za ntobo, yale matunda madogo ya manjano ya porini yenye uchungu, anazichanganya na mafuta ya ng'ombe. Anachoma jiwe mpaka linakuwa jekundu, analisimamisha katikati ya beseni yenye maji, anamwanga mbegu juu yake. Mugonjwa anainama na kinywa wazi, anafunikwa kitenge, anakula moshi. Kitenge kikitolewa, unaangalia mu maji, na wadudu wako pale, weupe, wadogo, wamejikunja.

Na kweli walikuwa pale. Niliwaona na macho yangu.

"Wametoka wote," Evode akasema.

Lakini saa ya chakula cha muchana Mbonigaba hakuweza kutafuna hata fufu laini. Evode akakuna kichwa. "Basi hawa walikuwa watoto. Mama yao angali ndani. Nitatafuta koleo, tung'oe."

"Na filimbi?" Umugwaneza akauliza. Alikuwa anachagua maharagi ku kizingiti cha jikoni.

Akamugeukia babu yake.

"Tate, wimbo ukikosa, miye nitatoka vipi?"

"Utapita dirisha," babu yake akasema. Alitaka kucheka, akashika shavu.

Jioni hiyo Annonciata akapiga simu. Yeye anauzisha samaki kule Shasha, kando ya ziwa. Nilipomweleza, akaniambia ku kituo cha afya cha karibu naye kuna dokta wa meno mwenye mashine ya kupiga picha ya ndani. "Mumulete huku, Mama. Musing'oe kitu mbele ya kuangalia."

"Picha?" Evode akasema. "Jino si harusi. Linapigwa picha ya nini?"

"Ya kumutafuta mama ya wadudu," nikamujibu. "Wewe si ulisema iko ndani?"

Tukashuka na pikipiki mbili, Masisi, Sake, mpaka ziwa. Mbonigaba alifunga uso na kitenge changu, na motari wake akamuuliza kama amebeba viazi mu shavu.

Dokta alikuwa musichana mwembamba, jina lake Gentille. Mbonigaba akamuangalia, akaangalia nyuma yake.

"Dokta iko wapi?"

"Ni miye, Papa."

"Ah. Wewe ungali na meno ya maziwa."

"Njo maana nayachunga," akasema, na akamukalisha ku kiti.

Nikaona huyu mutoto anafaa. Nikamujaribu na kitendawili alipokuwa ananawa mikono. "Sakwe sakwe."

"Soma, Mama."

"Wachungaji weupe wamezunguka ng'ombe mumoja mwekundu. Ng'ombe anacheza siku nzima, lakini hatoki mu lupango, mu zizi lake."

"Ulimi na meno," akajibu bila kugeuka. "Na leo muchungaji mumoja anagonjwa. Tumuone."

Akamuvalisha Mbonigaba tabliye nzito ya kukinga kifua. Akaweka kidude cha bapa chenye waya, kimefunikwa na plastiki safi, nyuma ya meno yake ya mbele. Akaleta mashine inayofanana na tochi kubwa karibu na mudomo. "Usitikisike, Papa." Ikalia kidogo, kama mutu amevunja kijiti.

"Imeisha."

"Imeisha nini?" Mbonigaba akauliza. "Haijaanza."

Lakini picha ilikuwa imefika ku kioo cha ordinatere, pale mbele yetu. Miye nikakumbuka mwaka alioanguka na muzigo wa mbao, wakamupiga picha ya mbavu. Ile ilikuwa karatasi ya plastiki nyeusi. Waliilowesha mu dawa, wakaianika, tukangoja, halafu wakasema imetoka giza, arudi apigwe tena. Tulipofika nyumbani mvua ilikuwa imeingia mu anvelopi. Nikamuhadisia Gentille.

"Hii haina dawa ya kulowesha, Mama. Ikitoka vibaya naona palepale. Na mwangaza unaopita mu mwili ni kidogo kuliko wa zile za zamani."

Mbonigaba hakutusikiliza. Alikuwa anaangalia meno yake mwenyewe, makubwa kama mahindi, na mizizi imepanda ndani ya ufizi, vitu ambavyo alivibeba mu kichwa maisha yote bila kuviona.

"Mududu iko wapi?" akauliza.

Gentille hakucheka. "Tumutafute pamoja, Papa."

Akaongeza picha ikawa kubwa. Akaipunguza giza, akaizidisha. Mbonigaba akasogeza pua mpaka karibu aguse kioo.

"Ule pale."

"Ule ni mufupa."

"Na hii nyuzi?"

"Ni njia ya damu na neva. Kila jino linayo."

"Basi alijificha alipoona mwangaza."

"Aende wapi, Papa? Hili jino halina mulango wa nyuma."

Nikaziba mudomo na mukono. Mbonigaba akaniangalia kwa jicho baya, kisha akaangalia tena picha.

"Lile lenye doa," Gentille akasema, akagusa kioo na kalamu, "angalia muzizi wake. Muzima. Doa liko inje tu, ni la tumbaku. Sasa angalia jirani yake, lile jeupe zuri ambalo hulilaumu. Ku ncha ya muzizi, unaona nini?"

Kulikuwa na kivuli cheusi cha mviringo, kama punje ya haragi. Hata miye mwenye macho ya uzee nilikiona.

"Pale kuna usaha. Uliwahi kugongwa mudomo?"

Mbonigaba akafikiri. "Ndama. Nilikuwa nakamua mama yake, akanyanyua kichwa. Ile ni miaka mingi. Iliuma, ikaacha."

"Iliacha kwa sababu jino lilikufa ndani. Likanyamaza kimya, na sasa uchafu umefika ku mufupa."

Mbonigaba akageuka kwangu. "Evode angeng'oa la doa."

"Na maumivu yangebaki," nikasema, "akarudi, akang'oa na hili. Filimbi ungeipigia pua."

Alishika mikono ya kiti. Sasa njo aliuliza lile alilokuja nalo tangu Nyabiondo. "Mwanangu, ndoa ni siku ya posho wiki hii, natoa mujukuu mulangoni. Hili jino linatoka ao linabaki?"

Gentille akasema yeye anaona linaweza kubaki, lakini anataka mwalimu wake aangalie. Akatuma picha na simu mpaka Goma. Sikuwa nimemaliza kukunja kitenge, jibu likafika: mufupa ungali na nguvu, lifunguliwe kwa nyuma, lisafishwe, lisitolewe.

"Jino langu limefika Goma," Mbonigaba akasema, "na lingali mu kinywa. Hicho kitendawili, Mama Annonciata, hukuwa nacho."

Akapigwa sindano. Gentille akafungua tundu dogo nyuma ya jino, usaha ukatoka, akasafisha, akatia dawa, akafunika. "Hapa katikati linaweza kuuma ukiligusa. Hiyo ni kawaida. Ukivimba tena ao homa ikikupata, piga simu usiku na muchana. Ndoa ikiisha urudi nimalize, na tupige picha ingine, tuiweke kando ya hii. Utaona wewe mwenyewe kama kile kivuli kinapungua."

Akatia picha mu simu yangu. Nilirudi Nyabiondo na meno ya bwana wangu mu mufuko, na mvua ilinyesha kuanzia Sake, na hayakulowa.

Uvimbe ulishuka. Siku moja mbele ya ndoa, wanawake wamejaa jikoni, Mbonigaba aliuma kipande cha mahindi kwa kusahau, akapiga kelele. Evode alikuwa pale. Koleo lilikuwa mu mufuko wake.

"Nilisema. Mama ya wadudu. Kaka, fungua kinywa, kesho utakuwa umepona."

"Dokta alisema litauma," nikamwambia.

"Shemeki, wale wadudu si uliwaona?"

"Niliwaona."

"Basi walitoka wapi?"

Mbonigaba alikuwa amekaa ku kigoda, jasho ku uso, anamuangalia mudogo wake na koleo. Nikaona anaanza kufungua mudomo. Mutu akiumwa, anakubali kila kitu kilicho karibu.

"Ngoja," nikasema. "Evode, nipe mbegu zako."

Jiwe moja lilikuwa mu moto wa kupikia, limekuwa jekundu. Nikalitoa na majembe mawili, nikalisimamisha mu beseni ya maji safi, nikamwanga mbegu na mafuta. Moshi ukapanda. Nikafunika na kitenge, na hapakuwa na mutu chini yake. Wanawake wakatoka jikoni na mikono ya unga. Umugwaneza akaja na nywele nusu zimesukwa.

Mbegu zilikuwa zinapasuka chini ya kitenge, pa, pa, pa. Zilipotulia nikafunua.

Wadudu walikuwa mu maji. Weupe, wadogo, wamejikunja.

"Shemeki," nikasema polepole, "hawa wametoka mu jino la nani?"

Evode akachuchumaa. Akamutoa mumoja na ukucha, akamuweka ku kiganja, akamugeuza. Kilikuwa kiini cha mbegu, kile kinachoota ukiipanda, moto ulikirusha inje.

"Labda la jiwe," akasema mwishowe.

Wanawake wakacheka mpaka mumoja akashika ukuta. Evode naye akacheka, lakini hakuinuka. "Nimefukiza watu kilima chote, mujue. Na padri nilimufukiza."

"Moshi wako ulinipoza kidogo ile siku," Mbonigaba akamwambia. "Siwezi kukataa. Lakini mududu, mudogo wangu, nilimutafuta na dokta pembe zote."

Akaniomba simu. Akaongeza picha na vidole viwili, vile alivyomuona Gentille, akakiangalia tena kile kivuli cha haragi na lile jino la doa lililo zima. Maumivu yalikuwa yangali, niliyaona ku shingo yake. Akanirudishia simu.

"Koleo rudisha mu mufuko. Nitangoja."

Akala dawa yake, akalala kwa kukaa.

Siku ya ndoa wakwe walifika na pikipiki zilizofungwa maua. Umugwaneza akasimama ndani ya mulango na kitambaa cheupe, nyuma ya bega lake Annonciata anamushika kiuno. Mbonigaba akasimama inje. Akaegemeza filimbi ku meno, akafunga macho, akapuliza.

Upepo. Upepo mutupu, kama wa chai.

Wakwe wakaangaliana. Umugwaneza hakuondoa macho ku babu yake. Mbonigaba akateremusha filimbi, akalipapasa jino na ulimi, na nikajua lile la Gentille linakataa kubebeshwa. Akaisogeza filimbi kidogo, unene wa kidole, ikaegemea ku lile la doa. Akapuliza tena.

Ikalia. Sauti ilitoka imekwaruza, ikajisafisha yenyewe, ikapanda mpaka mashamba ya maharagi ya ng'ambo, na watu waliokuwa wanapita ku njia wakasimama. Evode njo alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na hayo makofi yake hayakwenda na wimbo hata kidogo.

Wimbo wa mulangoni ni mufupi. Watu wote wanajua pa kuisha. Mbonigaba akafika pale pa kuisha, akapita. Akarudi mwanzo. Akaongeza kona ambazo sijazisikia tangu ndoa yangu mwenyewe. Wakwe wakazima moteri. Mukwe mumoja akatafuta kivuli, akakaa.

"Tate," Umugwaneza akasema kutoka ndani, anacheka na machozi yanashuka, "unanitoa ao unanifungia?"

Hakufungua macho. Akanyanyua kidole kimoja cha mukono wa kushoto, kumuomba angoje, na akaanza tena tangu juu.